Bunduki, Sarufi na Rangi za Vyama

Katiba ya Marekani ina sentensi moja yenye maneno 27 ambayo imezua mabishano kuliko sura nzima za sheria nyingine. Nayo ni Marekebisho ya Pili, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1791. Kwa ufupi, inasema kwamba kwa kuwa kikosi cha wanamgambo wenye nidhamu ni cha lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu ya kuweka na kubeba silaha haitaingiliwa.

Msomaji mpendwa, itazame kwa jicho la mwanasarufi. Je, kishazi cha kwanza kinakiwekea mipaka kile cha pili, au ni utangulizi tu? Mfasiri naye ana kibarua chake. Katika Kiswahili, aliyeshika silaha ameingia vitani, ilhali aliyefungia bunduki kabatini anaimiliki tu. Baadhi ya wataalamu wa isimu waliieleza Mahakama ya Juu ya Marekani jambo la namna hiyo katika kesi ya Heller: kwamba katika Kiingereza cha karne ya 18, 'kubeba silaha' kulihusu hasa uaskari. Mwaka wa 2008, majaji 5 dhidi ya 4 waliamua vingine. Jaji Antonin Scalia aliandika kuwa kishazi cha kwanza kinataja lengo bila kuipunguza haki ya mtu binafsi.

Mabishano ya aina hiyo hayana ubaya. Kila upande ulileta ushahidi wake, ukajibiwa. Balaa huanza pale raia anapoacha kuuliza, "Maana yake nini?" akauliza, "Wewe ni wa chama gani?"

Leo ni desturi kuamini kwamba Republican ni chama cha bunduki na Democratic ni chama cha kuzidhibiti, kana kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu azali. Historia yakanusha. Mwaka wa 1967, wanachama wa Black Panther, Wamarekani weusi, walipokuwa wakizunguka mitaani Oakland na bunduki ili kuwachunga polisi, jimbo la California lilipiga marufuku kutembea hadharani na bunduki yenye risasi. Mswada uliletwa na Don Mulford wa Republican, na aliyeutia sahihi ni Gavana Ronald Reagan wa chama hicho hicho. Mkuki kwa nguruwe! Reagan huyo, aliyepigwa risasi mwaka wa 1981 akiwa rais, aliunga mkono hadharani mswada wa Brady mwaka wa 1991. Bill Clinton wa Democratic ndiye aliyeutia sahihi mwaka wa 1993.

Kadiri miaka ilivyopita, msimamo juu ya bunduki uligeuka kuwa sare ya chama. Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Aprili 2013, mswada wa kupanua uchunguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti, ukaanguka kwa kukosa 60. Maseneta 4 tu wa Republican waliuunga mkono. Ilibidi watoto 19 na walimu 2 wauawe Uvalde, Mei 2022, ndipo maseneta 15 wa Republican wakajiunga na wenzao kupitisha sheria ya wastani mwezi uliofuata.

Simwoni mwenye bunduki kuwa adui. Mkulima anayeishi mahali ambapo polisi humfikia baada ya saa nzima ana hoja yake, na mzazi aliyemzika mtoto ana yake. Hoja hizo mbili zaweza kukaa meza moja. Zisizoweza kukaa pamoja ni bendera mbili, kwa maana bendera haijibu swali, hupepea tu.

Sisi tunaojifunza lugha tusijione tumeepukana na ugonjwa huu. Mara ngapi katika midahalo yetu vyuoni msemaji amepigiwa makofi kwa sababu ya upande wake kabla hajataja hoja hata moja? Mara ngapi tumelisikiliza jina la mtu badala ya sentensi yake? Anayebisha kwa haki na aanze kwa kufafanua istilahi zake, kisha aseme ni ushahidi gani ungemfanya abadili msimamo. Asiyeweza kuutaja ushahidi huo hajaja mdahaloni. Amekuja kushangilia timu.

Tulifundishwa kuchanganua sentensi ili tupate maana. Kazi hiyo si ya mtihani tu. Pale Marekani, sentensi moja iliyosomwa kwa miwani ya chama imegharimu miaka ya usikivu, na makaburi hayangoji chama kishinde.