Filamu za Kongo: tuuze mavuno, tusiuze shamba

Mwaka 2014, filamu ya Virunga iliingia kwenye Netflix. Dunia nzima iliona sokwe, walinzi wa hifadhi na vita vya M23 karibu na Goma. Filamu hiyo ilitengenezwa na Waingereza, na mwaka 2015 ikashindania tuzo ya Oscar. Sifa zilifika Kivu Kaskazini, lakini filamu si mali ya Wakongomani.

Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alipita njia nyingine. Filamu yake En route pour le milliard inafuata wahanga wa vita vya siku sita vya mwaka 2000 wakishuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Kongo, Ufaransa na Ubelgiji, kampuni yake mwenyewe ikiwa mshirika. Mwaka 2020 iliingia katika orodha rasmi ya Cannes.

Jukwaa la mtandaoni linapoagiza filamu, mara nyingi hulipa gharama zote na faida kidogo, kisha huchukua haki zote. Mtayarishaji analala bila deni, lakini filamu ikitazamwa miaka 10, haongezewi hata franga moja. Katika ushirikiano wa nchi mbalimbali, pesa huchelewa na makaratasi ni mengi, ila kila mshirika hubaki na sehemu yake.

Tena, mnunuzi anaweza kuondoka. Januari 2024, Amazon Prime Video ilisimamisha uagizaji wa filamu mpya barani Afrika. Aliyekuwa amemtegemea mnunuzi huyo peke yake alibaki mikono mitupu.

Ufaransa ilijikinga. Tangu 2021, majukwaa makubwa hulazimika kuwekeza angalau asilimia 20 ya mapato yanayopatikana nchini humo katika kazi za Kifaransa na za Ulaya, na sehemu kubwa ipitie kwa watayarishaji huru. Kongo, ambako mega huisha kabla ya filamu, haina soko la kulazimisha hivyo leo.

Lakini Kinshasa inaweza kuanzisha mfuko unaompa mtayarishaji wa Bukavu au Bunia mtaji wa kuanzia. Anayefika mezani bila kitu hupewa sehemu ndogo. Na watayarishaji wenyewe wakodishe filamu kwa miaka inayohesabika, badala ya kuuza haki milele. Mavuno huuzwa kila msimu. Shamba likiuzwa mara moja, limekwenda.