Nne na nne zinapozaa mbili

Juma hili tunaongea juu ya ampli na sabufa za gari, vyombo ambavyo vikundi vingine vinaunga kwenye batri na kukodisha kwenye ndoa na matanga. Tunaongea kwa sababu vimeleta ugomvi kati yetu.

Kikundi kimoja tunachokijua kilitoa pesa katika sanduku la AVEC, kikanunua ampli moja na sabufa moja. Kazi ilienda vizuri, minervali ya watoto ikapatikana. Kisha wakaongeza sabufa ya pili ili sauti iwe kubwa. Kwenye ndoa iliyofuata, kabla bibi harusi hajaingia, ampli ilitoa moshi ikanyamaza. Mama aliyetunza vyombo akaambiwa alipe. Wengine walisema alikodisha kwa siri, wengine kwamba aliiacha ikanyeshewa. Akaanza kuuza vitenge vyake.

Tulipoitwa kusuluhisha, tuliomba tu kusoma maandishi nyuma ya vyombo. Ampli: wati 150 RMS, omu 4, isishuke chini ya hapo. Kila sabufa: omu 4. Fundi alikuwa ameziunga zote mbili pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Tukaona kosa lilipo.

Omu (alama yake ni Ω) inaonyesha jinsi sabufa inavyozuia umeme kupita. Darasani 4 na 4 ni 8. Lakini sabufa mbili zikiungwa namna ile, 4 na 4 huzaa 2. Fikirieni bidoni ya maji yenye tundu moja: mkitoboa la pili, maji yanatoka maradufu. Ampli ilidaiwa umeme mwingi kuliko uwezo wake, ikapata moto hadi ikaungua. Mama yule hakuhusika.

Sabufa zile zingeungwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, zingefika omu 8. Ampli ingekuwa salama, ila ingetoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Kwa hiyo sabufa ya pili haiongezi sauti yenyewe. Ni lazima ampli iwe imetengenezwa kwa ajili yake.

Kabla ya kutoa pesa ya kikundi, tuangalie mambo matatu.

Kwanza, tusiamini namba kubwa ya katoni, ile ya MAX au PMPO. Tutafute RMS, yaani wati ambazo chombo kinabeba muda wote. RMS ya ampli na ya sabufa zikaribiane.

Pili, omu za sabufa, zikishaungwa, zisiwe chini ya zile za ampli.

Tatu, batri. Wati 150 gawanya kwa volti 12 ni ampea 12 na nusu. Lakini ampli hupoteza umeme mwingi kama joto, basi tuhesabu 20. Batri ya 70 Ah tusiitumie zaidi ya nusu, yaani 35, isije ikafa mapema. Sauti ikiwa juu kabisa, hazifiki saa mbili. Tukipunguza sauti, itadumu zaidi, na masikio ya watoto wanaopenda kukaa mbele ya sabufa yatapona. Waya wa batri uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na batri upande wa chanya, kwani waya mwembamba unaweza kuwasha nyumba.

Namba hizi ziandikwe katika daftari la kikundi, na fundi aonyeshwe kabla hajagusa waya.

Mama yule alifutiwa deni na kuombwa msamaha mbele ya wote. Vitenge viwili vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Kikundi kimekubali kumrudishia, kimoja kimoja, kila sanduku likifunguliwa. Tungesoma mapema, angekuwa anavivaa.