Jeraha Lisilotoka Damu Nalo ni Jeraha

Askari aliyepigwa risasi ya mguu hana haja ya kujieleza. Damu humsemea, wenzake humbeba, na mganga humpokea. Lakini yule aliyeangushwa na mshindo wa bomu akainuka bila mkwaruzo, kisha akaanza kuumwa kichwa, kusahau amri na kukosa usingizi, aghalabu huitwa mvivu, mlevi au mwoga. Desturi hiyo haifai jeshini wala katika polisi, na elimu ya ubongo inatupa sababu.

Tumezoea kuambiwa kwamba ubongo ni kazi ya chembe za fahamu peke yake. Ni kweli kwamba chembe hizo, zipatazo bilioni 86 kichwani mwa mtu mzima, ndizo zipelekazo habari na amri. Lakini zimezungukwa na chembe nyingine, nazo ni makumi ya mabilioni, ziitwazo glia. Jina hilo lilitolewa na mwanazuoni wa Kijerumani, Rudolf Virchow, katika miaka ya 1850, na maana yake ni gundi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba hazina kazi ila kushikilia nyingine zisitawanyike.

Askari ataelewa upesi jinsi walivyokosea, kwani hakuna kombania ipiganayo bila watu wa nyuma. Glia zenye umbo la nyota ni bohari: hupokea riziki kutoka mishipa ya damu, huzigawia chembe za fahamu, na kuondoa kemikali zinapozidi kiasi. Nyingine huvika nyuzi za fahamu utando wa mafuta, kama mpira unavyovikwa waya wa simu. Uzi mnene wenye utando huo huweza kupeleka habari kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde. Uzi mwembamba usio nao huenda kiasi cha mita moja tu. Kundi la tatu ni doria. Hizo hunyoosha mikono yake huku na huku zikikagua, na hula vijidudu pamoja na mabaki ya chembe zilizokufa.

Mwaka 2016 madaktari wa Marekani, akiwamo Daniel Perl wa chuo kikuu cha tiba cha majeshi ya nchi hiyo, walitangaza matokeo ya kuchunguza ubongo wa wanajeshi marehemu waliowahi kukumbwa na milipuko. Waliochunguzwa walikuwa wachache, lakini lililoonekana ni zito. Waliokuwa wameishi muda mrefu baada ya mlipuko walikuwa na makovu yaliyofanywa na zile glia za nyota, kandokando ya mishipa ya damu na mahali ubongo unapopakana na maji yauzungukayo. Picha za kawaida za hospitali hazionyeshi makovu hayo. Basi mtu aweza kuambiwa hana kitu, kumbe bohari yake imebomoka.

Historia nayo inatuonya. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Uingereza waliwaona askari waliotetemeka na kupotewa na kauli baada ya mizinga. Hata hivyo, jeshi hilo liliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama utoro na woga, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa wa namna hiyo. Askari 306 walisamehewa kwa sheria mwaka 2006, wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai kuisikia.

Wako watakaosema kwamba tukilegeza kamba, kila mkwepa lindo atashika kichwa. Hatukatai kwamba wakwepaji wapo. Lakini kuwatambua ni kazi ya mganga, si ya sajini mwenye hasira.

Kwa hiyo kila mlipuko wa karibu na kila pigo la kichwa, liwe la bomu, la jiwe katika ghasia au la ajali ya pikipiki, liandikwe katika kitabu siku ile ile. Aliyepigwa apumzishwe mpaka mganga amruhusu, kwani pigo la pili kabla ya la kwanza kupona lina hatari kubwa zaidi. Naye askari asione haya kusema. Kuficha jeraha si ushujaa, na kamanda anayemdhihaki majeruhi anapunguza nguvu ya kikosi chake mwenyewe.