Bunduki na mshipi: nani mwenye mwamba?

Mabishano juu ya mahali pa kuvulia ni ya kale kama uvuvi wenyewe, na mimi niliyelelewa Pwani nimeyasikia tangu utotoni. Hata hivyo, niliyoyashuhudia msimu mmoja wa kaskazi katika ufuo fulani wa kaunti ya Kilifi yamenikaa moyoni, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Maji yalikuwa yamekupwa. Nilisimama juu ya kipwa, mshipi mkononi, kando ya mzee mmoja aliyevua mahali hapo tangu ujana wake. Mzee alihisi uzito katika mshipi wake, akavuta. Badala ya changu, aliibuka kijana aliyevaa miwani ya kuzamia, bunduki ya kuvulia mkononi, ndoana imemchana bega na damu inamtiririka.

"Babu, hukuniona?" kijana aliuliza kwa uchungu.

"Ningekuonaje, mwanangu, nawe umejificha?" mzee alijibu, mikono ikimtetemeka.

Kijana alinyamaza. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba alikuwa na sababu ya kujificha. Bunduki aliyoishika, ile inayoundwa kwa kipande cha mti, mipira ya gurudumu na chuma kilichochongwa ncha, ilipigwa marufuku na serikali katika Gazeti Rasmi mnamo Novemba 2001, pamoja na juya. Tangu siku hiyo mzamiaji mwenye bunduki ni mhalifu. Lakini hakutoweka. Yeyote aliyetembelea fuo zetu, kuanzia kusini hadi kaskazini, anajua kwamba bunduki zingali zinazama na kuibuka kila maji yanapokuwa maangavu.

Ni haki kwanza tuulize kwa nini zilikatazwa. Mvuvi wa mshipi hutupa chambo chake akangoja samaki aje. Samaki aliye pangoni na asiye na njaa husalimika. Mwenye bunduki, kinyume chake, humfuata samaki hadi chumbani mwake. Chewa mkubwa, ambaye tabia yake ni kukaa kimya katika pango lake, hana pa kukimbilia. Hali kadhalika pono, ambaye hula mimea ya mwambani na kwa hivyo ni nadra kuuma chambo, hawezi kuikwepa bunduki. Pono wakipungua, mimea huota juu ya matumbawe na kuyasonga. Kikande naye, yule samaki mwenye meno makali, ndiye mlaji mkuu wa wale wanyama weusi wenye miiba mirefu wanaotuchoma nyayo. Wataalamu waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameonyesha kwamba kikande anapomalizwa, wanyama hao wa miiba huongezeka na kuutafuna mwamba wenyewe. Mwamba ukifa, mwenye mshipi na mwenye bunduki wote watarudi nyumbani mikono mitupu.

Basi wazee wanapolalamika, hawalalamiki bure. Lakini wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mzamiaji huyu ana hoja zake pia. Bunduki yake haifagii kila kitu kama juya, ambalo hukokota mayai, vifaranga na majani ya bahari kwa pamoja. Yeye humwona samaki kabla ya kumlenga, na akitaka anaweza kumwacha mdogo. Haachi nyuzi zilizonasa juu ya matumbawe wala ndoana zilizokatika, uchafu ambao sisi wa mshipi huuacha bila kuona haya. Isitoshe, aghalabu ni kijana asiye na mashua, asiye na fedha za kununua nyavu, wala shamba la kulima. Vifaa vyake vyote hutoka katika karakana ya baiskeli. Tunapomwambia aache, tunamwambia aache chombo pekee alichoweza kukimudu.

Tena wenye ndoana wenyewe si kundi moja. Yuko mzee wa mshipi wa mkono, na yuko mgeni mwenye fimbo ya kuvulia yenye kigurudumu, anayevua kwa kujifurahisha. Malindi na Watamu zina sifa kubwa kwa uvuvi huo, na wengi wa wageni hao hufuata sulisuli mbali nje ya miamba, wakamtia alama na kumwachilia. Huko hawagombani na mtu. Ugomvi huanza pale fimbo hizo zinapoletwa ndani, kwenye milango ya miamba na kwenye mipaka ya hifadhi, mahali ambapo samaki ni wengi na wavuvi ni wengi zaidi. Msimu wa kusi nao huzidisha dhiki, kwa kuwa vyombo vidogo haviwezi kutoka nje, na watu wote hubanana ndani ya maji yale yale. Hapo ndipo nimesikia mzamiaji akifukuzwa kwa jina la sheria, ilhali aliyemfukuza hakuwa na nia nyingine ila kubaki peke yake na mahali pale.

Sasa natarudia lile bega lililochanika. Nchini Italia, nchi ambayo wenyeji wake wengi wamefanya Malindi kuwa maskani yao, uvuvi wa bunduki kwa mtu anayezamia kwa pumzi yake mwenyewe unaruhusiwa, lakini kwa masharti. Kanuni zao za 1968 zinamkataza mzamiaji kuvua usiku. Zinamtaka akae umbali wa mita 500 kutoka fuo zenye waogaji na mita 100 kutoka nyavu zilizotegwa. Juu ya yote, zinamlazimu kuelea na boya lenye bendera nyekundu iliyokatwa na mstari mweupe wa mshazari, ili kila mwenye mashua na kila mwenye ndoana ajue kwamba chini pale yupo binadamu.

Mwaka huo huo wa 1968, sisi tulianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambamo hakuna aruhusiwaye kuvua kwa chombo chochote. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini nje ya hifadhi, kwa upande wa bunduki, tumeishia mahali pabaya kuliko pote. Tumeikataza bila kuiondoa. Kijana yule hawezi kufunga boya wala kutweka bendera, kwa maana bendera hiyo ingekuwa ushahidi dhidi yake. Kwa hivyo huzama bila alama, karibu na ndoana zetu na chini ya injini za mashua. Sheria iliyokusudiwa kuulinda mwamba imemwacha mtu bila ulinzi, na mwamba nao haukupona.

Je, nasema marufuku iondolewe? La hasha. Katika miamba ya ndani, yenye maji mafupi na samaki waliokwisha kupungua, naamini bunduki haifai. Ninalosema ni kwamba hatuna budi kuchagua. Ikiwa tumekataza, basi tumpe kijana kitu cha kushika badala ya alichonyang'anywa: mishipi, ndoana, na malema yaliyoachiwa nafasi ya samaki wadogo kutokea. Na ikiwa hatuko tayari kumpa chochote, basi tuwe na ujasiri wa kumwekea kanuni za mahali, saa, kiasi na bendera, badala ya kumkamata leo na kumsahau kesho. Mimi nachagua njia ile ya kwanza, lakini hata ya pili ni bora kuliko hii tuliyo nayo.

Chombo cha kulifanyia kazi jambo hili tunacho. Tangu kanuni za 2007, kila ufuo una kikundi chake cha usimamizi, ambacho wavuvi hukiita BMU. Huko ndiko inakopasa kuamuliwa nani avue wapi na lini, na hapo wazamiaji waitwe waketi pamoja na wazee, wasijadiliwe wakiwa nje. Mwenye fimbo ya starehe naye aitwe, aambiwe waziwazi kwamba fedha zake hazimpi hati ya kumiliki mlango wa mwamba. Kwamba jambo hili lawezekana, tumekwisha kuonyeshwa na wavuvi wa Kuruwitu, kule Vipingo. Mwaka 2005 walikubaliana wao kwa wao kukifunga kipande cha bahari yao kisivuliwe na mtu, na samaki wakarejea. Hawakumfukuza mmoja ili mwingine abaki. Walijizuia wote kwa pamoja.

Kwenu walimu na wanafunzi wa Pwani, hili ni somo lililo mlangoni mwa darasa lenu. Pelekeni wanafunzi ufuoni maji yanapokupwa, wahesabu pono na kikande, wawaulize wazee na vijana maswali yale yale, kisha walinganishe majibu. Baadhi yao watakuwa wavuvi wa kesho, na wengine watakuwa watunga sheria.

Siku ile, mzee aliivua ndoana begani mwa kijana, akalifunga jeraha kwa kitambaa chake mwenyewe. Kijana alisema ahsante, akaichukua bunduki yake na kwenda zake. Siku ya pili alirudi mahali pale pale, bila boya, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mzee alimwona akiingia majini, akaukunja mshipi wake, akaketi kungoja hadi atoke.