Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme Uganda: chuma kilicho ndani ya transfoma

Mafubira, Jinja



Upotevu wa umeme ukitajwa, watu hukimbilia wizi na mita zilizochezewa. Naomba uangalie pia mlaji mwingine, asiyevunja sheria yoyote. Usiku wa manane, majirani wamezima taa, transfoma iliyo juu ya nguzo bado inanguruma. Huo ni mngurumo wa mabamba ya chuma ya kiini chake, ambayo usumaku wake hugeuzwa mara 100 kila sekunde, na kila mgeuko hugeuza umeme kidogo kuwa joto. Kiini hula saa 24, mteja atumie asitumie. Kwa vijiji vilivyo kando ya njia ya Jinja hadi Mbale, ambako wengi huwasha taa chache jioni tu, hasara hii huendelea saa zote ambazo hakuna anayetumia umeme.

Kiasi kinacholiwa hutegemea chuma. Katika daraja moja la zamani la viwango vya Ulaya, transfoma ya kVA 100 iliruhusiwa kupoteza wati 320 bila mzigo wowote. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya umeshusha kikomo hadi wati 130. Tofauti hiyo ni takriban yuniti 1,660 kwa mwaka, kwa transfoma moja itakayokaa nguzoni miongo kadhaa. Msingi wa chuma bora, kinachopoteza kidogo, ni wa zamani: Norman Goss wa Marekani alipata hataza mwaka 1934 ya kupanga chembe za chuma chenye silikoni zielekee upande mmoja. Siku hizi mabamba hayo hufikia wembamba wa milimita 0.23.

Utaambiwa wizi ni mkubwa zaidi. Ni kweli, lakini mwizi hufuatwa kila siku, na kiini huamuliwa mara moja tu, siku ya zabuni. Utaambiwa pia kwamba bwawa la umeme la Karuma, lenye megawati 600, limetupa umeme wa kutosha. Ila kiini hula hata saa za jioni, mzigo unapokuwa mkubwa kuliko wakati wowote. Hoja ya bei ndiyo nzito. Chuma bora ni ghali, na mzabuni mwenye bei ya chini leo hushinda pale ambapo hasara ya miaka ijayo haiandikwi popote.

Basi iandikwe. Kila mzabuni ataje wati za kiini, gharama ya wati hizo kwa maisha yote ya transfoma ijumlishwe kwenye bei yake, na shehena ikifika, transfoma chache zipimwe kabla ya kupandishwa nguzoni.