Mahakama na Mali: Hukumu Ambayo Bado Haijakwisha

Mashauri ya ardhi ni mengi katika Thika na Ruiru, na sababu yake haifichiki. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, mashamba mengi ya kahawa na mkonge yaliyokuwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya watu waliochanga fedha zao. Mara nyingi hisa iliandikwa kwa jina la mtu mmoja, ijapokuwa shilingi zilitoka katika mifuko miwili au mitatu. Mashamba yakakatwa ploti. Barabara kuu ya Thika ikapanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, na mahali palipokuwa na mibuni pakasimama nyumba za kupangisha. Bei ikapanda, na waliosahau mchango wao wakaukumbuka.

Na utwaliwe mfano wa ndugu wawili wa Ruiru; si watu waliopo, ila mambo yao ni ya kila siku. Mkubwa ndiye mwenye hati ya ploti, naye amejenga vyumba 12 vya kupangisha. Mdogo adai nusu, akisema kwamba hisa waliinunua pamoja na kaka yake aliandikwa kwa niaba yao wote wawili. Shauri lapelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyo Thika. Baada ya miaka kadhaa jaji asoma hukumu: nusu ya ploti ni ya mdogo, na mkubwa anaishika kama amana tu; mpimaji aende aone jinsi ya kuigawanya; na mkubwa atoe hesabu ya kodi aliyopokea, kisha shauri litajwe tena ili kiasi kipate kujulikana.

Wengine hushangaa kwamba hati imeshindwa. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 haikusema kwamba kuandikwa jina kunamwondolea mtu wajibu wa amana. Tena Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya mwaka 2018 kuhusu amana za kimila, ilisema kwamba si lazima mdai awe anakaa juu ya ardhi hiyo ndipo asikilizwe.

Basi siku hiyo ya hukumu ndugu wote wawili wamo hatarini. Mdogo, kwa furaha, awaendea wapangaji na kuwaamuru wamlipe yeye kodi tangu mwezi huo. Mkubwa atikisa kichwa na kusema, “Kesi haijakwisha. Nitangoja mpaka mwisho, ndipo nikate rufani juu ya mambo yote pamoja.” Maneno yake yana sura ya busara, nayo yaweza kumpotezea ploti.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo ni ya tangu mwaka 1924, yatambua amri za hukumu za aina mbili. Iko ya awali, ambayo huamua haki ya watu na kuacha kazi nyingine ifanywe kabla shauri halijamalizika; na iko ya mwisho, ambayo hulimaliza. Kifungu cha 68 kinasema kwamba mtu asiyeridhika na amri ya awali, naye asikate rufani juu yake, hataruhusiwa kuipinga baadaye atakapokata rufani juu ya ile ya mwisho. Maana yake ni kwamba mkubwa akingoja, ataweza kubishana juu ya hesabu ya kodi au mpaka wa mpimaji, lakini si juu ya swali lenyewe, yaani kama mdogo wake ana nusu au hana. Mlango huo umefungwa naye amekaa nje yake akisubiri.

Muda wenyewe ni mfupi. Kutoka mahakama hiyo kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya rufani hutakiwa katika siku 14, na Jumapili huhesabiwa humo. Kama shauri liliamuliwa na hakimu, rufani huletwa katika siku 30. Mahakama yaweza kuongeza muda, lakini hutaka sababu, na kusema “nilikuwa nangoja” ni sababu dhaifu. Wala mtu asidhani kwamba kukata rufani peke yake husimamisha utekelezaji. Amri ya kusimamisha lazima iombwe.

Mdogo naye ana nusu, lakini hajajua ni nusu ipi. Vyumba vilivyo upande wake havijulikani mpaka mpimaji amalize, na kodi anayodai haina kiasi mpaka hesabu isomwe. Akiwanyang'anya wapangaji fedha atajitia makosani bure. Lililo jema ni kumwambia wakili aombe kodi iwekwe benki mpaka hesabu ikamilike, na kuomba amri ya zuio iandikwe katika daftari la ardhi, ploti isije ikauzwa au kuwekwa rehani kabla ya siku ya mwisho.

Nakala ya hukumu iliyothibitishwa iombwe kwa karani mara moja. Hukumu huandikwa kwa Kiingereza, na siku hizi nyingi husomwa kwa njia ya video, mwenye shauri akiwa nyumbani; kinachomfikia ni neno moja tu, “umeshinda” au “umeshindwa”. Ukurasa wa mwisho usomwe polepole na mtu anayeujua. Palipoandikwa kwamba mahakama inatangaza haki fulani, siku zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Palipoandikwa hesabu itolewe, au shauri litajwe tarehe fulani, bado kuna kazi.

Na kazi hiyo si ndogo. Yawezekana mstari wa mpimaji ukapita katikati ya chumba cha saba. Hapo mahakama itawauliza ndugu kama mmoja yu tayari kumlipa mwenzake thamani ya sehemu yake, ama ploti nzima iuzwe na fedha zigawanywe. Na ikiwa wao wenyewe wamekwisha kupatana, mapatano yao yaweza kuandikwa kuwa amri ya mahakama siku iyo hiyo.