Thamani ya mbuga isipimwe kwa nauli pekee

KILA serikali inapopanga kupitisha barabara au reli ndani ya mbuga, huzuka swali: ardhi hiyo ina thamani gani ikiachwa ilivyo? Manufaa ya reli hukadiriwa kwa shilingi. Mapumziko ya mwananchi hayauzwi sokoni.

Mnamo 1947, mwanauchumi Harold Hotelling aliiandikia idara ya mbuga za kitaifa nchini Marekani akipendekeza njia ya kuyakadiria. Eneo linalozunguka mbuga ligawanywe kwa kufuata umbali, kisha wageni wa kila sehemu wahesabiwe pamoja na gharama zao za safari. Anayetoka mbali hutumia fedha nyingi na bado huja. Anayetoka karibu hupata burudani iyo hiyo kwa gharama ndogo. Kiasi ambacho angekuwa tayari kuongeza ndicho faida yake. Jumla ya faida hizo ndiyo thamani ya mapumziko.

Hesabu hiyo ina mantiki, lakini jijini Nairobi yaweza kupotosha.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa kilomita 117 mraba. Kibera iko kilomita chache tu kutoka lango lake kuu katika barabara ya Lang'ata. Kwa kanuni ya Hotelling, wakazi wake wangetarajiwa kuizuru mara kwa mara. Hata hivyo, wanyama hutazamwa kutoka ndani ya gari, na kiingilio hutozwa kila mtu. Kibarua wa Kawangware huongeza nauli ya matatu ya familia nzima. Asipokwenda, hesabu humchukulia kuwa hana haja na mbuga, ilhali kinachomzuia ni mfuko.

Kasoro ya pili ni wakati. Watafiti wengi huthamini saa ya safari kwa sehemu ya mshahara, mara nyingi thuluthi moja. Tuchukulie mfano wa kibarua anayepata Sh60 kwa saa na meneja anayepata Sh900. Wakitumia saa moja kwenda msitu wa Ngong Road, safari ya kwanza itaandikwa Sh20 na ya pili Sh300, ingawa kivuli walichokifuata ni kimoja.

Si suala la vitabuni tu. Barabara ya Southern Bypass ilipita katika msitu huo ulio jirani na Kibera, nayo reli ya kisasa ya SGR iliyofika Naivasha mwaka wa 2019 ikavuka mbuga kwa daraja refu. Mizani ikipuuza maskini, viwanja wanavyovitegemea ndivyo vitakavyoonekana rahisi kutolewa.

Kwa hivyo, watafiti wasiishie kuwahoji wageni langoni. Wabishe milango ya Kibera na Kawangware, wawaulize pia wasiokwenda na sababu zao, na saa ya kila mkazi ipewe uzito sawa.